Mghoi, macho yawe nje

Voi, Machi 2024

Mghoi mwanangu,

Salamu zako zimefika. Tangu Jumanne ile ya Machi 5, ndege mbili zilipogongana angani Nairobi, mama yako hataki redio ifunguliwe hapa nyumbani. Siandiki kukukataza kusomea urubani, karo imeshalipwa. Naandika juu ya macho yako.

Wale marehemu wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, walikuwa kwenye Cessna 172, ndege ndogo kama unayojifunzia, mchana kweupe, wakitumia uwanja huohuo wa Wilson. Dash 8, ndege ya abiria waliyogongana nayo, ilikuwa inapaa kwenda Diani na watu 44, ikarudi ikatua salama. Cessna ikaangukia ndani ya Mbuga ya Nairobi. Kosa la nani, waachie wachunguzi. Msikae kantini mkiwahukumu marehemu.

Bawa la 172 liko juu ya kichwa chako. Ukilaza ndege kushoto, bawa la kushoto linashuka na kuziba upande uleule unaouendea. Basi kabla ya kugeuka, liinue kidogo, chungulia chini yake, ndipo ugeuke. Ndege inayopaa nayo pua iko juu, rubani wake haoni kilicho mbele chini. Yeye haoni chini, wewe huoni juu, na nyote wawili mna leseni na akili timamu.

Jicho linalozungushwa mbiombio halioni kitu. Gawa anga vipande vya nyuzi 10 hivi, kila kimoja ukitazame kwa sekunde nzima. Ndege inayosogea kwenye kioo itakupita. Ya kuogopwa ni ile iliyoganda mahali pamoja na inazidi kukua. Tangu uione mpaka ndege yako ikubali kugeuka, hesabu sekunde 12 hivi, kwa hiyo ukingoja iwe kubwa umechelewa.

Nawe una uvivu wa kuosha kioo, usikatae. Mdudu aliyekaukia pale anafanana kabisa na ndege ya mbali. Mwaga maji mengi na sabuni laini, pitisha kiganja kwanza kutoa mchanga, kisha kitambaa cha pamba, juu na chini bila kuzungusha. Petroli usiguse. Ile ni plastiki, itafanya nyufa nyembamba, na jua la asubuhi likizipiga huoni mbele.

Transponda, kile kifaa kinachotangaza ulipo, iwe kwenye ALT, yaani itangaze na kimo chako, kabla hujaingia njia ya kurukia. Ukiisahau kwenye SBY, yaani imewaka lakini iko kimya, kifaa cha onyo cha ndege kubwa hakijui kama upo. Taa ya kutua iwake hata mchana. Mnara wa kuongoza ndege ukisema jambo usilolielewa, uliza tena, hata kama sauti imekasirika. Unaona haya kuuliza, na sitasema umeirithi kwa nani.

Siku nyingi hatari iko humo ndani: mwanafunzi anatazama saa za vipimo mbele yake, mwalimu anamtazama mwanafunzi, nje hakuna anayeangalia. Kubalianeni kabla ya kuwasha injini nani anatazama wapi. Na siku utakayoruka peke yako kiti cha kulia kitakuwa kitupu, macho mawili badala ya manne. Macho nje, Mghoi. Saa zile zitupie jicho tu, urudi nje.

Umefikisha saa 18 za kuruka, mtaa mzima unajua, mimi ndiye niliyewaambia. Lakini usikimbilie saa kwa sababu kuna mtu anayekupigia kila Jumapili kuuliza zimefika ngapi na kila moja imekula shilingi ngapi. Mtu huyo hatauliza tena.

Tangi la maji limepasuka, fundi anataka pesa kabla ya kuliona. Kaka yako anadai viatu vya shule, vya mwaka jana vimembana. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha.

Mama yako amekutumia mbaazi kwa basi la Ijumaa jioni, kazichukue mapema zisiharibike. Juu ya mbaazi kuna vitambaa viwili vyeupe vya pamba. Si vya jikoni.

Baba yako