Usiung'oe huo mgomba

Mwanangu mpenzi,

Hujambo baba? Sisi huku Tengeru hatujambo, ila bibi yako magoti yanamsumbua kwa hii baridi ya Julai.

Picha nimeiona. Sakitu ya huko Makete, ile barafu ya usiku, imeubabua mgomba wako wa maua, majani yamening'inia meusi kama yamepitiwa na moto, nawe unaniuliza kama uung'oe upande maua mengine. Usiung'oe. Shika shina chini kabisa, kama shubiri moja kutoka ardhini, ulibonyeze kwa dole gumba. Likiwa gumu, mgomba ungali hai, maana kiini chake kiko huko chini karibu na udongo, hakijapanda juu. Likibonyea na kutoa uvundo, anza kukata kutoka juu, vipande vyembamba kama unavyokata mhogo, ushuke polepole mpaka ufike kwenye nyama nyeupe isiyo na doa. Hapo acha.

Panga lipitishe kwenye moto kwanza. Mnyauko wa migomba huenezwa na panga chafu, na huu mgomba wa maua nao huugua. Wataalamu waliueleza ugonjwa huo mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye migomba ya jamii hii hii, na kwetu ukaonekana Kagera mwaka 2006. Jirani yako ana shamba la ndizi, usimpelekee msiba.

Maji usiupe sasa, hasa usimwage pale katikati majani yanapochomoza. Maji yakituama humo na baridi ikaja usiku, moyo unaoza. Rundika nyasi kavu shinani, lizungushie gunia, ukae hivyo mpaka baridi iishe. Ndipo utoe gunia, uweke samadi iliyoiva, debe zima, na maji ya kutosha. Huu mmea ni mlafi. Na uache penye jua. Ule wekundu wa majani uliokufanya uuchague wewe mwenyewe kitaluni hupotea kivulini, majani yakarudi kijani.

Umesema pia unasubiri watoto wake uwagawie walimu wenzako. Hapa nina jambo ambalo nilipaswa kukueleza siku ile nakukabidhi mche. Hautazaa watoto. Migomba ya ndizi tunayoijua huacha machipukizi pembeni, mama akikatwa mwana anashika nafasi. Huu ni jamii ya ule mgomba pori wa makorongoni huku milimani: unakua peke yake, unatoa ua mara moja tu, unazaa vindizi vilivyojaa mbegu, halafu unakufa.

Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa aibu. Ulikuwa darasa la tatu. Mwenye nyumba moja ya wageni alinunua miche 12 ya kupanga njiani kuelekea mlangoni, nikamhakikishia itazaana. Nilikuwa nimeiotesha yote siku moja. Mwaka wa sita ikatoa maua karibu yote, na kabla mwaka haujaisha njia ile ilikuwa mashina yaliyolala. Alinifuata kitaluni, hakupiga kelele, aliniuliza tu, "Mama, watoto wako wapi?" Nilimpa miche mingine bila malipo, lakini swali lile ninalo mpaka leo.

Baadaye nikajifunza wanavyofanya wakulima wa kusini mwa Ethiopia. Wao hula tunguu, yaani kile kiazi kikubwa kilicho ardhini, na shina, si ndizi, kwa hiyo lazima wawe na miche tele. Huchukua mgomba ambao haujatoa ua, hukata shina karibu na tunguu, hukichimbua kile kiini cha katikati, hujaza samadi na udongo, hulizika. Tunguu likikosa kile kiini kimoja, huchipua pande zote. Nilijaribu kwa moja, nikapata miche 23. Wako usiukate hivyo sasa, bado umedhoofika. Tusubiri mwaka mmoja upate nguvu.

Kwa wenzako, ndani ya gunia hili ninalokutumia nimefunga mbegu 30 kwenye kitambaa cha bluu. Ni nyeusi, ngumu kama kokoto. Zikwangue kidogo kwa msasa, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu siku tatu, uzipande mahali pa joto, jikoni kwako panafaa. Hazioti pamoja, moja itatoka baada ya wiki chache, nyingine baada ya miezi. Usizitupe mapema.

Gunia lenyewe ndilo la kufungia shina. Ukikuta uozo ukaukata, nipigie picha ya pale ulipokatia, kwa karibu, nione rangi.

Mama yako