Kaka, Bibi Hajifanyi

Kaka yangu,

Asalaam alaikum. Tangu Idi nakupigia hupokei, na ujumbe wangu unausoma unanyamaza. Basi naandika hapa, maana najua hapa utapita. Jina lako silitaji, la Bibi pia silitaji.

Siku ile uliinuka kwenye jamvi ukasema Bibi anajifanya. Ulisema mtu anayeweza kusuka ukili bila kukosea, akasoma Alhamdu mpaka mwisho bila kubabaika, hawezi kumsahau mjukuu aliyemlea mwenyewe. Sikukujibu. Ukweli ni kwamba hata mimi niliona una hoja, na hilo limenikaa kifuani tangu siku ile.

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kozi ya utangulizi wa saikolojia, darasa la jioni. Nikifunga duka la leso pale Biashara Street nakwenda chuoni kwa miguu, halafu narudi Likoni kwa feri usiku, daftari nimelikumbatia. Mtaani waliniuliza kama nasomea wazimu. Wiki za mwanzo zilikuwa majina na miaka: Wundt na maabara yake ya Leipzig mwaka 1879, Pavlov na mbwa wake. Nilinakili, nikafanya jaribio, yakapita. Ebbinghaus ndiye aliyenisimamisha kidogo, kwa kuwa mwaka 1885 alieleza jambo ambalo mimi na wewe tulilijua madrasani: ukirudia somo kwa siku kadhaa linashika kuliko ukilishindilia mara moja. Ustadhi wetu alitudurusisha kila alfajiri bila kumsoma Mjerumani yeyote.

Halafu tukafika kwenye kumbukumbu.

Mwalimu alitusimulia habari za Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo ili apunguziwe kifafa. Daktari aliondoa, kulia na kushoto, kipande kikubwa cha sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ilipewa jina hilo kwa kufanana na yule farasi wa bahari ambaye wavuvi wetu humkuta wavuni. Kifafa kilipungua. Lakini tangu hapo, hadi alipofariki mwaka 2008, karibu kila jambo jipya lilimpita. Ukizungumza naye ukatoka, ukirudi baada ya muda mfupi unakuwa mgeni. Ya utotoni alikuwa nayo.

Sasa sikiliza hili, Kaka. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ngumu, mkono unakwenda kinyume na jicho. Alimrudishia kazi hiyo siku tatu. Kila siku Molaison hakukumbuka kuwa aliwahi kuifanya, na kila siku mkono wake ulichora vizuri zaidi. Mkono ulijua, mwenyewe hakujua. Mwalimu alisema kumbukumbu si chumba kimoja. Matukio na watu vina njia yao ubongoni, na ufundi wa mikono una njia nyingine. Moja inaweza kuharibika na nyingine ikasalia.

Kalamu iliniponyoka. Nilikuwa namwona Bibi.

Umewahi kumtazama vizuri anaposuka? Mimi sasa nakaa namtazama. Anatoa miyaa kwenye ndoo ya maji, anaukung'uta mmoja mara mbili, ncha anaibana kwa meno mawili yaliyobaki, kisha vidole vinaanza: juu, chini, juu, chini, kidole gumba kikikaza kila pindo. Hatazami. Anatazama mlango. Ukimuuliza ni siku gani, hajui. Ukimuuliza anasuka nini, anakunja uso. Na ukili unazidi kurefuka pajani. Alhamdu nayo ndivyo ilivyo: ameisoma maisha yake yote, imo ndani kuliko majina yetu.

Kozi ya utangulizi haijanifanya daktari, na sikumpima mimi. Tulimpeleka hospitali, daktari akasema ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu kidogo kidogo. Nilikwenda kumuuliza mwalimu baada ya kipindi, akanieleza kuwa kwa wengi ugonjwa huo huanza kula hipokampasi na jirani zake, ndiyo maana ya jana yanapotea mapema na ya zamani yanachelewa. Hapo nilielewa kwa nini alikuita kwa jina la marehemu baba yako. Najua ndilo lililokuinua kwenye jamvi. Lakini, Kaka, baada ya jina lile alikuuliza, "Umekula?" Wewe ulikuwa umeshageuka. Mimi nilimsikia.

Najua utasema: nije kufanya nini, na nikitoka tu atasahau nilikuja? Nami nililiuliza hilo. Mwalimu akanionyesha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, ya mwaka 2014. Waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za huzuni na za furaha. Baada ya muda mfupi wengi hawakukumbuka walichokitazama, lakini huzuni au furaha ile ilikuwa bado imo ndani yao. Nimeliona hili nyumbani. Siku uliyoondoka kwa hasira, Bibi alikuwa mzito mpaka usiku, chakula hakukigusa, na hakuweza kusema kwa nini.

Kwa hiyo njoo. Njoo Ijumaa hii baada ya swala. Usimuulize, "Unanikumbuka?" Swali hilo linamtia hofu, naona macho yake yanavyohangaika kutafuta jibu. Mwamkie shikamoo, mtajie jina lako mwenyewe, ukae upande wa kulia, ndiko anakosikia. Akikuita kwa jina la baba yako, itika. Mletee halua laini, vipande vidogo.

Kisha shika ncha ya ukili, kama alivyokuwa akitushikisha tulipokuwa wadogo, umsukie hata shubiri moja. Miyaa nitakuwa nimeshailoweka.

Dadako