Nyasi za bustani hazioti juu ya kifusi

Mhariri,

Kila masika yanapokaribia, watu hapa Pwani hununua nyasi na kuzipanda juu ya kifusi kilichoachwa na mafundi, kimefunikwa udongo kidogo tu. Miezi michache baadaye zinageuka manjano, na anayelaumiwa ni muuza nyasi. Si haki. Mizizi haipenyi ardhi iliyoshindiliwa yenye saruji na kokoto.

Ondoeni kifusi chote, limeni kina cha sentimita 15 hadi 20, kisha changanyeni samadi iliyooza vizuri, kama debe moja kwa mita 2 za mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Sawazisheni kwa reki, mteremko uelekee mbali na nyumba, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita.

Hapa ndipo wengi hukosa subira: mwagilieni, msipande kwa wiki 2. Ndago, yale magugu sugu, zitachipua. Zichimbeni pamoja na viazi vyake vidogo, maana zikikatwa juu tu huchipua tena, na zikishaingia katikati ya nyasi kuzing'oa ni taabu kubwa.

Penye jua pandeni ukoka. Chini ya mwembe, nyasi za Pemba, zinazovumilia kivuli. Vipandikizi viachane sentimita 15, kila kimoja kikiwa na pingili mbili udongoni. Mwagilieni asubuhi na jioni kwa wiki 2. Zikifika sentimita 8, fyekeni, lakini msizidishe theluthi ya urefu kwa mara moja.

Mtunza bustani,
Dar es Salaam