Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Karibu sana shuleni kwetu hapa Eastlands, na asante kwa kuvumilia jam ya Jogoo Road.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi wachache tu nyuma ya maabara, saa hii inajulikana eneo lote hili. Tumefika maonyesho ya sayansi ya kaunti ndogo, tumemtengenezea mlinzi wa geti taa ya sola na inawaka mpaka leo, na shule jirani hutuulizia ushauri. Hayo tuyaache hapo.

Projekti yetu ya sasa ni skrini inayokula stima kidogo sana, tunataka iwe ubao wa matangazo wa shule ambao hauzimiki tokeni zikiisha. Skrini ya simu inawasha taa kwa ndani ndio maana chaji inaisha na juani huoni kitu, lakini hii inarudisha tu mwanga ulioko nje. Kila pikseli, yaani nukta moja ya skrini, ina utando unaokataa maji, juu yake mafuta ya rangi, halafu maji. Bila volti mafuta yanatanda na unaona rangi, ukiweka volti maji yanavutwa kwa utando na mafuta yanasukumwa kona, weupe wa chini unatokea. Mambo ya stima kubadilisha mvutano wa uso wa umajimaji mwanafizikia Gabriel Lippmann aliyaeleza kule Ufaransa mwaka 1875, akitumia zebaki. Mwaka 2003 Hayes na Feenstra wa Philips wakaonyesha pikseli za namna hii zinaweza kucheza hata video. Kampuni iliyotoka hapo, Liquavista, ilinunuliwa na Samsung kisha Amazon, na mpaka leo sisi hatujaiona hio skrini kwa duka lolote, kwa hivyo hatujachelewa.

Tulipokwama ni pawa saplai. Utando ukiwa mwembamba sana volti chache zinatosha, lakini wetu ni wa kujitengenezea, ni mnene, unataka mamia ya volti, na patroni wetu alikataa kabisa tuguse stima ya ukutani, na alifanya vizuri. Tunahitaji pawa saplai ya maabara unayoweza kupandisha volti polepole na inayozuia karenti isizidi, pamoja na vioo vyenye utando wa kupitisha stima. Maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli tumezunguka, ya volti ndogo ziko nyingi, hii yetu hapana.

Mgeni wetu, kwa heshima zote, mwaka juzi mgeni aliyesimama hapo ulipo aliahidi mashine hii hii mbele ya wazazi, tukapiga makofi, tukatoa hata kabati maabara ipate nafasi. Mwaka jana mwingine akasema tuandike barua, tukaandika, kopi yenye muhuri wa kupokelewa tuko nayo mpaka leo. Hatusemi kwa ubaya, ni vile walioanza hii kazi sasa wako kidato cha nne na wanaondoka bila kuona pikseli moja ikifunguka.

Kwa hivyo tunaomba kabla hujapanda gari utuachie jina na namba ya mtu wa ofisi yako atakayeshughulikia, na tarehe. Kotesheni iko kwa patroni, ameketi safu ya pili.

Asante sana.

Ni sisi wanaklabu.