Usilaumu oili, angalia tairi: kwanini injini inanoki kwenye kona

Hii kitu tumeieleza kwa mdomo mara nyingi sana mpaka tumeona bora tuiandike. Gari ya treki, yaani ya kukimbizwa kwenye uwanja wa mbio, inaletwa gereji, injini inagonga ko ko ko, mwenye gari kakasirika, "fundi oili mliyoniwekea ni feki". Sawa, tunashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tunafungua konrodi, ile mikono ya pistoni, moja moja, tunakuta beringi moja, kile kibati laini cha kwenye maungio yake, imevuliwa ngozi mpaka shaba inaonekana na zilizobaki bado nzima. Sasa oili feki ingechagua vipi beringi moja? Ndio tunamuuliza, mkuu tangu mara ya mwisho umebadilisha nini kwenye gari? Anajibu sijagusa kitu, labda tairi tu, nimefunga semi-sliki, zile za mbio zinazoshika sana.

Basi hapo hapo kesi imeisha.

Iko hivi. Beba sinia lenye maji halafu kata kona ukiwa unakimbia, maji yote yanahamia upande mmoja na yanakumwagikia. Oili kwenye sampu inafanya hivyo hivyo. Pampu ya oili ina mdomo wake wa kunyonyea uko chini ya sampu, sehemu moja tu, na oili ikiukimbia ule mdomo pampu inanyonya hewa. Tairi za kawaida za barabarani hazikupi shida sana kwasababu zinateleza mapema, gari haiwezi kukaa kwenye kona kwa nguvu kubwa. Ukifunga tairi zinazoshika, ukafika 1 g, yaani gari inavutwa pembeni kwa nguvu sawa na uzito wake, uso wa oili unalala nyuzi 45. Nyuzi 45! Na sampu ya kiwandani nyingi ni pana na fupi, haikutengenezwa kwa ajili ya hayo.

Watu wanaogopa zile kona kali za kujikunja kumbe zile hazina neno sana, unaingia unatoka. Inayoua ni kona ndefu ya spidi, umekanyaga mafuta, injini iko juu, umekaa humo sekunde tano sita, na pampu kwa mzunguko huo inasukuma makumi ya lita kwa dakika wakati sampu nzima ina lita nne au tano, na sehemu ya hiyo oili iko juu kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini, haijashuka bado. Wenye injini za boksa, zile silinda zimelala pande mbili, ndio zaidi, hedi ziko pembeni zimelala kwahiyo kona ndefu inaizuia oili kule kule isirudi. Na kila gari ina upande wake mbaya, kuna inayoteseka kona za kulia na kuna ya kushoto, inategemea mdomo wa pampu umekaa wapi.

Sasa utasema mbona taa ya oili haijawaka. Haiwezi kukusaidia ile. Swichi za kiwandani nyingi zinasubiri presha ishuke mpaka kama psi 5 hadi 7 (psi ni kipimo cha presha) ndio ziwashe taa. Mafundi wa mashindano wana kipimo chao cha zamani, psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, kwahiyo kwenye 6000 unataka kuona kama 60. Ikishuka ikawa 15 katikati ya kona taa imenyamaza tu na beringi zinakula chuma kwa chuma. Kwenye 6000 kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inazunguka mara 100 kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe sekunde mbili za hewa ni nini. Na haifi siku hiyo, hilo ndilo linalodanganya watu, inaliwa kidogo leo kidogo wiki ijayo halafu inanoki siku uko unarudi nyumbani taratibu.

Kwahiyo tunashauri nini. Kitu cha kwanza kabisa ni geji ya presha yenye sensa ya kweli, ikiwezekana inayorekodi, maana ukiwa kwenye kona hutakiwi kuangalia geji unatakiwa kuangalia barabara. Ukiona kwenye rekodi mstari unadondoka kila unapopita kona ile ile, usiendelee kuzunguka.

Kiwango cha oili, jaza mpaka alama ya juu kila kabla ya kuingia, injini nyingi zinakula oili treki na watu hawapimi. Wengine wanazidisha nusu lita, kwa baadhi ya injini inasaidia, ila usijaze hovyo kwasababu kranki ikianza kuipiga oili inakuwa povu na povu ni hewa ile ile. Oili nzito pia sio dawa, pampu ikinyonya hewa haijali unatumia namba gani.

Kazi tunayoifanya zaidi ni kuchomelea bafeli ndani ya sampu, ni kuta za bati zinazozunguka mdomo wa pampu zenye vimlango vya bawaba vinavyofunguka kwa ndani tu, oili inaingia haitoki. Kwa gari nyingi za wikendi hiyo na geji inatosha. Kama bado inashuka kuna akyumuleta, tangi la lita mbili tatu lenye pistoni na hewa nyuma yake, presha ikidondoka linaisukumia injini oili yake kwa sekunde chache. Juu kabisa ni sampu kavu, oili inakaa kwenye tangi refu jembamba nje ya injini, Porsche 911 za kwanza za 1964 zilikuja nayo, lakini ni mapampu na mabomba kibao, na kwa mtu anayetembelea tairi za kawaida hatumuuzii hata akitaka.

Na ukibadilisha oili baada ya treki usitupe filta ya zamani, ilete. Tunaikata mbele yako, tunakunjua ile karatasi kwenye mwanga, ikimeta meta kama poda ya wanja wa sikukuu tunashusha sampu siku hiyo hiyo kabla konrodi haijatoboa bloku.