Majimoto kwenye mikorosho, miembe na minazi

Ndugu wanakikundi,

Kabla ya kunyunyizia dawa, naomba kila mmoja akague miti yake, kwani majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani mabichi kwa nyuzi za hariri zitokazo kwenye mabuu yao, huwawinda mbu wa mikorosho (wadudu wanaofyonza machipukizi ya mikorosho, si mbu wa kawaida) pamoja na wadudu wanaofyonza nazi changa. Dawa ya kuua wadudu huwamaliza majimoto pia, na hilo ni hasara kubwa.

Miti isiyogusana iunganishwe kwa kamba ili wavuke, lakini ile yenye makoloni (jamii za majimoto) tofauti msiiunganishe kamwe, maana watauana. Ni kweli kwamba majimoto hufuga vidung'ata, yaani wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, na huuma vikali. Wakati wa kuvuna, vaeni mikono mirefu.

Mratibu wenu