Msiwalaumu wachongaji kwa vitako vyangu

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu wa Nairobi aliandika kwamba sanamu alizonunua Mombasa zilipasuka vitako, yaani vile vibao vya chini zinaposimama, kabla ya miezi mitatu, akawaita wachongaji wetu matapeli. Mimi si mchongaji. Mimi ni mmoja wa wanaotengeneza hivyo vitako, kwa hiyo lawama zipitie kwangu kwanza.

Nina mashine ya kukereza hapa Magongo. Nusu ya kazi yangu ni miguu ya vitanda, nusu ni vitako. Mwaka juzi kijana mmoja wa Likoni aliniletea kichwa cha Mekatilili wa Menza alichokichonga kwa mpingo, sentimita 18, kazi safi kabisa. Alitaka kitako chenye sura ya shamba; mama aliyewakabili Waingereza mwaka 1913, alisema, hawezi kuwekwa juu ya kitu kinachong'aa kama meza ya wakili. Nikamkatia duara la gogo la mwarubaini, gome lake nikaliacha. Mti wenyewe ulikuwa umeangushwa wiki mbili tu. Nilijua, lakini mteja amesimama mlangoni anaiwazia feri, nami nilikuwa na kodi ya kulipa. Sanamu ikaenda kwenye ofisi moja Nairobi. Iliporudi, kitako kilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi katikati, mpana kiasi cha kupitisha sarafu, kama keki iliyomegwa kipande.

Mti ukikauka haupungui sawasawa. Kwa urefu wake karibu hausogei. Kwa kuzifuata pete hupungua takriban mara mbili kuliko unavyopungua kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Sasa ukikata gogo kama sahani, ukingo unataka kufupika na katikati inakataa. Lazima papasuke. Na hewa yetu ya bahari inatuhadaa: ubao tunaouona mkavu hapa bado una maji, na Nairobi au kiyoyozi kitayatoa.

Siku hizi duara la gogo silikati, mteja alie asilie. Nachukua ubao uliopasuliwa kwa urefu, miisho yake naipaka nta kwa sababu hapo ndipo maji hutoka mbio, kisha naandika tarehe kwa penseli. Kila Ijumaa naupima kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu (ameshanunua nyingine). Uzito usiposhuka tena wiki nne mfululizo, ndipo naupandisha kwenye mashine. Vanishi napaka juu na chini. Ukipaka juu peke yake kitako hujikunja kama papadi. Sanamu siigandishi kwa gundi ya nguvu. Naishika kwa skrubu moja kutokea chini, tundu la kitako likiwa pana kidogo kuliko skrubu, ili mti ukitaka kusogea usogee. Mwisho kitambaa kizito chini, kisikwaruze meza ya watu.

Mbao bora kuliko zote kwangu ni za zamani. Nyumba ikibomolewa Mji wa Kale, fremu ya mlango ya mvule imeshamaliza kukauka kabla sijazaliwa. Mbao za jahazi ni nzuri kwa macho, ila chumvi iliyomo huvuta unyevu na vanishi haishiki.

Tatizo ni bei. Muuza sanamu anauza kichwa shilingi elfu nne, kisha kitako anataka kwa mia na hamsini, tena kesho asubuhi. Kwa pesa hiyo na muda huo atapata mti mbichi tu. Wale askari wa shaba wa Jomo Kenyatta Avenue, hapa Mombasa, wangesimamishwa juu ya lami badala ya lile jiwe, nani angegeuza shingo? Wenye maduka watoe oda mapema, mwezi wa tatu kwa watalii wa Desemba, nasi tutakuwa na mbao zinazongoja rafuni.

Kijana wa Likoni nilimkerezea kingine cha mvule, bure. Na huyo msomaji wa Nairobi asivitupe vitako vyake. Vikishamaliza kukauka, ufa hutiwa kabari ya mti uleule na gundi, ukapigwa msasa, usiuone tena. Nitamfanyia mwenyewe. Gharama ya kifurushi ni yake, kwenda na kurudi.

Fundi mkerezaji,
Magongo, Mombasa